Bwawa Linapungua Maji: Pima Kwanza, Vunja Baadaye

Kabla hujamruhusu fundi aguse hata kigae kimoja, jua bwawa lako linapoteza maji kiasi gani kwa siku. Bwawa lisilofunikwa hupungua kwa jua na upepo peke yake, mara nyingi milimita 3 hadi 6 kwa siku, na zaidi hewa ikiwa kavu au upepo ukiwa mkali. Inaonekana kidogo, lakini piga hesabu: bwawa la mita 8 kwa 4 lina mita za mraba 32, kwa hiyo kila milimita inayoshuka ni lita 32. Sentimita moja ni lita 320.

Kipimo cha kuaminika ni ndoo. Jaza ndoo maji ya bwawa lenyewe, iweke kwenye ngazi ya bwawa, mdomo ukiwa juu ya maji, na utie jiwe ndani isielee. Usiiweke pembeni kwenye sakafu, maana huko itapata joto tofauti na kipimo kitakudanganya. Weka alama usawa wa maji ndani ya ndoo, na nyingine usawa wa maji ya bwawa. Funga vali ya boya inayojaza bwawa yenyewe. Hiyo huficha uvujaji kwa miezi, na dalili pekee ikawa bili ya maji. Asiogelee mtu, na mvua ikinyesha anza upya. Baada ya saa 24, linganisha. Ndoo na bwawa vikishuka sawa, ni jua na upepo tu. Bwawa likishuka zaidi, tofauti hiyo ndiyo uvujaji wako.

Rudia kipimo mara mbili: saa 24 pampu ikifanya kazi, saa 24 ikiwa imezimwa. Hapa ndipo bwawa linapoanza kusema. Likipoteza zaidi pampu ikiwaka, shuku mabomba yanayorudisha maji bwawani, kwa kuwa pampu huyasukuma maji kwa nguvu na tundu dogo hutoa mengi. Likipoteza zaidi pampu ikizimwa, shuku upande wa kunyonya: pampu ikiwaka, ufa huo huvuta hewa badala ya kumwaga maji. Utaona mapovu kwenye kikapu cha pampu na kwenye midomo ya kurudishia maji. Zima kwanza chemchemi na maporomoko, kwani maji yanayorushwa hewani hupotea haraka na kuchanganya matokeo. Hasara ikiwa ileile pampu ikiwaka au ikizimwa, tazama bwawa lenyewe na vilivyofungwa ukutani.

Ila kabla ya kuchimba bomba lolote, nenda ukaangalie mwisho wa bomba la kumwagia maji machafu ya chujio. Pampu ikiwa kwenye hali ya kawaida ya kuchuja, pale panapaswa kuwa pakavu. Maji yakitiririka, gasketi ya vali ya chujio imechakaa au ina mchanga chini yake. Kinachoiua mapema ni kugeuza mpini wa vali huku pampu ikiwaka. Kuibadilisha ni kazi ndogo mno kulinganisha na kufukua bustani.

Kwa uvujaji wa bwawa lenyewe, zima pampu (ikinyonya hewa tupu itaungua), acha maji yashuke na uone yanasimama wapi. Yakisimama chini ya mdomo wa skima (kisanduku cha ukutani kinachonyonya maji ya juu pamoja na takataka), chunguza pale plastiki yake inapokutana na zege. Viungo hivyo hupasuka mara kwa mara kwa sababu zege husogea na plastiki haisogei nayo. Yakisimama usawa wa taa, tatizo huwa bomba la waya nyuma ya taa. Kata umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuigusa. Yakipita yote hayo, tafuta nyufa za sakafu na tundu la kunyonyea lililo chini.

Hakikisha kwa rangi ya chakula. Maji yakitulia kabisa, chukua bomba la sindano, dondosha rangi kidogo sentimita chache kutoka kwenye ufa, taratibu, bila kuisukuma. Rangi ikivutwa ndani kama uzi, umepata. Ikielea tu, sogea mahali pengine. Ufa mdogo huzibwa kwa epoksi inayokauka chini ya maji.

Mabomba yaliyofukiwa hupimwa kwa kuziba ncha zote kwa vizibo vya mpira na kuyajaza maji hadi shinikizo la takriban baa 1. Geji ikishuka ndani ya dakika 15, bomba hilo linavuja. Tumia maji, si hewa: kizibo kikichomoka kwenye hewa iliyobanwa huruka kama risasi.

Na usikaushe bwawa lote ili kutafuta ufa. Maji ya ardhini yakiwa juu, yatalisukuma bwawa tupu la zege hadi linyanyuke na kupasuka.