Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Nilipokuwa nikiandika sura ya pili ya tasnifu yangu, nilikuta katika daftari langu sentensi moja nzuri mno, na kwa sababu ya uzuri huo nikaitilia shaka. Haikuwa na alama za mtajo, jina la mwandishi wala ukurasa, nami sikuweza kukumbuka kama niliitunga mwenyewe au niliinakili kutoka katika kitabu nilichokwisha kukirudisha maktaba. Nilipekua vitabu kwa siku mbili bila kuipata, kisha nikaifuta, kwa kuwa kuitumia bila kumjua mwenyewe kungeweza kuwa wizi wa kitaaluma.

Jambo lililonishangaza ni kwamba wakati huo nilikuwa tayari natumia Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeo inayotolewa bure tangu 2006. Ukiipa DOI ya makala, ile nambari ya utambulisho inayoanza kwa 10, au ISBN, nambari ya utambulisho ya kitabu, hukuletea jina la mwandishi, mwaka na mchapishaji. (Hukosea pia, mara kadhaa nilikuta jina la ukoo limewekwa mahali pa jina la kwanza, kwa hiyo kila ingizo mimi hulilinganisha na kitabu chenyewe.) Lakini programu haiwezi kujua ni maneno yapi katika daftari ni ya mwandishi na yapi ni yangu. Hapo ndipo nilipokuwa nikikosea.

Tangu siku hiyo siandiki neno lolote kutoka katika chanzo kabla ya kuandika juu ya ukurasa jina la ukoo la mwandishi na mwaka, na kila hoja huifuatishia nambari ya ukurasa wake papo hapo. Maneno ya mwandishi huyafunga kwa alama za mtajo wakati uleule ninapoyanakili, muhtasari huutanguliza kwa herufi M, na wazo langu huanza kwa neno “Mimi”. Mwandishi akimnukuu mwenzake, mimi huandika majina yote mawili, maana zamani nilikuwa nikidai kumsoma mtu ambaye kwa kweli nilimsoma kupitia kwa mwingine. Kurasa za mtandaoni huziandikia tarehe niliyozisoma na kuhifadhi nakala katika Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandaoni ya Internet Archive, kwani ukurasa mmoja niliokuwa nikiutegemea ulitoweka kabla sijamaliza sura.

Utaratibu huu unachosha, hasa wakati hoja zinapokuja kwa kasi na mkono unataka kuzikimbilia. Madaftari ya zamani sikuyatupa, ila niliandika kwenye majalada yake kwamba hakuna kitakachotoka humo kuingia katika tasnifu kabla sijakiona tena katika chanzo chake, na karibu nusu ya yaliyomo bado sijayatafuta.