Nilivyoondoa friji bovu, godoro na tivii ya chogo bila kuchoma wala kutupa korongoni

Huku kijijini gari la taka halifiki, kwa hiyo vitu vikubwa vikishakufa vinaishia nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa na friji bovu, godoro la springi na tivii ya chogo, vyote vinanyeshewa tu. Siku moja watoto wanacheza kujificha nikamkuta mmoja ndani ya friji mlango kaurudishia, aisee magoti yaliniisha nguvu, maana zile friji za zamani zenye komeo mtoto akijifungia hawezi kufungua kutoka ndani na hewa inaisha haraka. Nikang'oa mlango palepale kwa bisibisi.

Kila niliyemuuliza ananiambia choma au katupe korongoni. Nilikataa. Sponji ya godoro ikiungua inatoa kaboni monoksidi na hata sianidi, na maji ya lile korongo mvua ikinyesha yanashuka mpaka tunakoteka, halafu ni kosa kisheria.

Kabla sijatafuta pikapu nikaenda ofisi ya kijiji kuuliza, na bora nilienda, kwa sababu dampo rasmi wanapokea fanicha na magodoro lakini friji mpaka itolewe gesi, na tivii inapelekwa kwenye kituo cha taka za umeme. Ningepakia kichwakichwa ningerudishwa getini.

Friji ndiyo ilinisumbua. Jamaa wa skrepa alikuja na koleo anataka kukata ule mrija wa shaba unaopitisha gesi, nikamzuia. Nikaita fundi wa friji, akaigeuza akafuta vumbi kwenye kompresa tukasoma R134a, ndilo jina la aina ya gesi iliyomo. Akaniambia hiyo haitoboi ozoni, lile tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, kama gesi ya R12 ya zamani iliyobanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987, ila ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Akaunga mpira wa mashine yake ya kunyonya gesi kwenye friji, akaiwasha, gesi ikawa inaingia kwenye mtungi huku tunaangalia mshale wa geji unashuka taratibu mpaka ukalala. Hapo ndo jamaa wa skrepa akaichukua.

Godoro nililichana kwa kisu, springi zikaenda kwa yuleyule, sponji na kitambaa nikafunga kamba. Tivii sikuigusa ndani hata kidogo, kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kapasita zinaweza kushika umeme hata ikiwa imechomolewa. Jirani wawili walikuwa na sofa na kabati tukachangia pikapu, ikapita dampo kwanza kisha kituo cha taka za umeme, siku moja imeisha.

Risiti ya dampo bado ninayo. Jana jirani mwingine kaniuliza safari ijayo lini, ana friji mbili, nimemwambia aanze kung'oa milango leo.