Nilivyotumia saa sita zangu kisiwani Mahé

Mimi ni dobi wa meli ya kitalii. Kazi yangu ni shuka na taulo, na chumba chetu kiko chini kabisa, pasipo na dirisha. Kwa miezi mitano ya mkataba wangu wa kwanza nilipita visiwa ambavyo watu huweka akiba miaka mingi wapate kuviona, nami nikavijua kwa majina tu, yaliyobandikwa ubaoni: kesho tuko mahali fulani, tunafunga gati saa fulani. Nikipata ruhusa ya kushuka, nilifuatana na wenzangu hadi penye intaneti ya bure, tukapiga simu nyumbani, tukarudi. Sijutii simu hizo. Mwanangu alianza kusema nikimsikia humo. Lakini siku jina la Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, lilipotokea ubaoni, niliamua kwamba kisiwa hiki nitakiona kwa macho.

Shelisheli nilikuwa nalijua jina lake tangu darasani, katika somo la historia. Ndiko Waingereza walikowapeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Mukama Kabalega wa Bunyoro baada ya kuwakamata. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kwangu jina hilo halikuwahi kuwa la ufuo na minazi, lilikuwa la mahali mtu anapopelekwa asirudi. Usiku, baada ya zamu, nikaanza kusoma kidogo kidogo, na huko nikakutana na habari ya Venn's Town, magofu ya shule ya zamani mlimani Mahé. Nilipoimaliza nilijua siku yangu itakwenda wapi.

Ilibidi kwanza niipate siku yenyewe. Meli ikiwa gatini, sehemu ya wafanyakazi lazima wabaki ndani kwa ajili ya dharura, na majina hupangwa kwa zamu. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kubaki. Nilimwendea mwenzangu mmoja wiki nzima kabla, nikamwomba tubadilishane: mimi nibaki bandari mbili zinazofuata, yeye anipe hii moja. Akakubali, tukaenda kwa msimamizi pamoja, akaandika. Ukitaka kubadilishana zamu usingoje asubuhi ya kufika, maana asubuhi hiyo kila mtu ana mipango yake.

Ruhusa yangu ilikuwa kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Saa sita. Nikachukua karatasi nikaandika kila nilichotaka kukiona, kisha nikaanza kufuta. Visiwa jirani vya Praslin na La Digue niliviondoa mara moja. Kuvuka kwa boti hadi Praslin peke yake ni kama saa nzima, na bahari ikichafuka huna la kufanya. Ufuo wa Beau Vallon nilisita nao, watu wanausifu sana, nikaufuta pia. Bustani ya mimea yenye kobe wakubwa nayo ikaondoka. Ikabaki barabara moja, ya Sans Souci, inayopanda kutoka mji mkuu, Victoria, na kuvuka mlima hadi Port Glaud upande wa magharibi. Venn's Town iko kwenye barabara hiyo, na njia ya kupanda mlima Copolia pia inaanzia hapo hapo. Barabara moja, vituo viwili, basi la abiria la kwenda na kurudi.

Jambo la saa nalisema kwa mkazo kwa sababu limewaacha watu bandarini. Tulikuwa tumetoka Maldives, ambako saa iko mbele ya Shelisheli kwa saa moja, na meli ilikuwa bado inafuata saa ya Maldives. Simu ikishika mtandao wa kisiwani inajirudisha nyuma yenyewe bila kukuuliza. Mtu akiifuata atafika gatini saa nzima baada ya muda wake, akijiona yuko sawa kabisa. Kwa hiyo nilivaa saa ya mkononi, nikailinganisha na saa iliyo mlangoni pa kushukia, na siku nzima sikuangalia nyingine. Hata mnara wa saa wa Victoria, uliosimamishwa mwaka 1903 na ambao kila mtu huupiga picha, niliupita bila kuuamini. Saa zote ninazotaja hapa ni za meli. Ramani niliihifadhi kwenye simu mapema, na mwenzangu niliyebadilishana naye nikamwachia karatasi yenye majina ya mahali ninakokwenda.

Kutoka gatini hadi mjini nilitembea. Nikatoa rupia kidogo kwenye mashine ya benki, nikaingia sokoni kununua maji na ndizi. Katikati ya meza za samaki yangeyange weupe walikuwa wakitembea bila hofu, wakidai mabaki. Ningeweza kusimama pale asubuhi nzima. Nikaondoka.

Kwenye kituo cha mabasi nikauliza la Port Glaud linalopita Sans Souci, maana kuna njia zaidi ya moja. Hapo niligundua kwamba "bonzour" kabla ya swali inafungua mlango. Swali lenyewe nililiuliza kwa Kiingereza na nikajibiwa kwa Kiingereza, ila nilipoanza na salamu ya Kikrioli, sura zilikuwa nyingine. Nikakaa karibu na mama mmoja mtu mzima, nikamwonyesha jina kwenye simu. "Misyon," akasema, akitikisa kichwa kukubali. Basi likapanda. Barabara ni nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe na upande mwingine miti inayoanzia chini ya miguu yako. Hewa ikapoa. Ghafla yule mama akapaza sauti, "Devan!" na dereva akasimama kituo kilichofuata. Ndivyo wanavyoomba kushuka. Nikamshukuru, "Mersi, mama," naye akaniaga kwa mkono hadi basi likapotea.

Venn's Town, au Mission kama wanavyopaita, ni msitu na magofu. Unaingia kwa njia yenye miti mirefu iliyopandwa wakati shule ikiwapo, kisha unaona misingi ya mawe na vipande vya kuta vyenye kuvu la kijani. Hakuna zaidi. Anayetafuta jengo la kupiga picha ataondoka baada ya dakika tano.

Mimi nilikuwa nimepanga nusu saa, nikakaa zaidi ya saa nzima. Kuanzia mwaka 1861 meli za kivita za Uingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa katika bahari yetu zilianza kuwateremsha Victoria watu waliookolewa humo. Walikuwa zaidi ya elfu mbili, na wengi walikuwa watoto. Walitolewa bara, wakashushwa hadi pwani, wakapakiwa kwenda kuuzwa, na walipokombolewa hawakurudishwa kwao. Walipelekwa kwenye mashamba ya Shelisheli kama vibarua. Mwaka 1876 wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana la Uingereza, walifungua shule hapa mlimani kwa ajili ya watoto wao, wakaiita Venn's Town. Watoto walisoma na kulima. Mwaka 1889 ikafungwa.

Niliyajua hayo kabla sijapanda basi. Nilichokuwa sikijui ni ukubwa wa vyumba. Nilipima msingi mmoja kwa hatua zangu, nikasimama katikati, nikajaribu kufikiria watoto wangapi walilala humo, na usiku waliongea lugha gani wasimamizi wakishaondoka. Wazazi wao wengine walitoka nchi za Wayao na Wamakua. Bila shaka kuna mtoto aliyefundishwa wimbo wa nyumbani na mama ambaye nyumba yenyewe hataiona tena. Ukungu ulikuwa umeshuka kati ya miti, matone yanadondoka, hapakuwa na mtu mwingine. Nikasoma Fatiha kwa sauti ndogo. Najua shule ilikuwa ya Kikristo na sijui nani kati yao alizaliwa katika dini gani, lakini sikuwa na kitu kingine cha kuwapa, na kuondoka kimya nisingeweza.

Mwisho wa magofu kuna banda la kutazamia, lililojengwa Malkia wa Uingereza alipozuru mwaka 1972. Ukungu ulipopasuka niliona mlima ukiteremka hadi bahari ya magharibi. Nikala ndizi zangu hapo. Nilipotazama saa ilikuwa karibu saa sita mchana.

Hapo ndipo kanuni niliyojiwekea ilinisaidia. Kabla ya kutoka melini niliandika kwenye karatasi saa ya kugeuka: saa 7:30, popote nilipo, hata kama kilele kiko hatua ishirini mbele yangu, narudi. Ukiipanga saa hiyo ukiwa mlimani utaisogeza. Ukiipanga kitandani inabaki mahali pake. Nikarudi kwa miguu barabarani hadi penye kibao cha Copolia, nikalipa kiingilio, nikaanza kupanda.

Njia si ndefu lakini ni kali. Mizizi, ngazi za mawe, miamba mikubwa kama nyumba. Miti mingi niliitambua kwa kusugua jani kati ya vidole: mdalasini. Ililetwa na Wafaransa karne ya 18, ikatoroka mashambani na kuutawala msitu. Karibu na juu kuna ngazi ya chuma, kisha ghafla unatoka kwenye uwanja wa mwamba mtupu wa matale, yaani graniti, takriban mita 500 juu ya bahari. Mwamba huo una umri wa takriban miaka milioni 750, kipande cha bara la kale kilichoachwa katikati ya maji. Kwenye nyufa zake humea mmea ambao duniani kote hupatikana porini katika visiwa viwili tu, Mahé na Silhouette. Wenyeji huuita lalyann potao. Majani yake huishia kwa kikombe chenye kifuniko, ndani kuna maji, na mdudu akiteleza humo mmea unamla. Nilipiga magoti kuchungulia kimoja bila kukigusa. Palikuwa na sisimizi watatu.

Saa yangu ilisema 7:14. Nilikuwa na dakika kumi na sita, nikazitumia zote kukaa ukingoni. Chini ilionekana Victoria, mbele yake Sainte Anne na visiwa vidogo vilivyoizunguka, na bandarini meli yetu, nyeupe, fupi kuliko kidole changu. Nilitafuta kwa jicho mahali kilipo chumba cha dobi, chini ya mstari wa mwisho wa madirisha. Ndiyo bandari ile ile walimoshushwa wale watu. Nilikaa na hilo mpaka saa 7:30, nikageuka.

Basi la kushuka halikuja. Nilingoja kituoni robo saa, kisha nikapiga hesabu: mjini ni mteremko mtupu, kwa miguu ni saa moja na nusu hivi nikikaza mwendo, na kila dakika ninayosimama inakula huo mwendo. Nikaanza kutembea, nikikagua kila kituo kwenye ramani ili basi likitokea nyuma niwe karibu na kimojawapo. Lilinikuta baada ya dakika ishirini. Nikainua mkono, dereva akasimama.

Nilifika gatini saa 9:12. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yangu mkononi, akaikunja akanirudishia. Saa 11:00 jioni meli ilipong'oa nanga nilikuwa tayari chini, mashine zikizunguka. Nilimsimulia huku tukikunja taulo, tangu sokoni hadi kileleni, na nilipofika kwenye vile vyumba aliacha kukunja, akaniuliza walikuwa na umri gani.