Nilivyopanga harusi ya Lindi bila kuhamisha Kariakoo

Ushauri wa kwanza niliopata baada ya barua ya posa kujibiwa ulikuwa picha, kutoka kwa binamu yangu wa Dar es Salaam. Bibi harusi kasimama ufukweni, shela linapepea, nyuma yake jua jekundu linazama baharini. Chini kaandika: "Na nyie fanyeni hivi, si mna bahari hapo?" Bahari tunayo. Ila hapa Lindi, pwani ya kusini, jua linachomoza baharini na jioni linazamia nyuma ya vilima vya Mtanda, kwa hiyo ili niipate picha ile ingebidi niolewe alfajiri halafu tuwadanganye watu kwamba ni jioni.

Tangu siku hiyo nikawa mkali kwa kila picha ninayotumiwa. Shughuli yangu ni Desemba hii, mambo mengi yamekaa sawa, na wale waliosema harusi ya maana haipangwi Lindi ndio hao sasa wanauliza nimefanyaje. Nawajibu wote kwa pamoja hapa, maana nimechoka kurekodi sauti usiku.

Watu wengi wanaanza na ukumbi. Mimi nilianza na baba yangu mdogo, ambaye ni mvuvi. Nilimwambia nataka tupige picha ufukweni baada ya nikaha, kisha walima ufanyike uwanjani kwa bibi, pale karibu na maji. Hakuuliza rangi ya mapambo wala idadi ya wageni. Aliendelea kushona wavu wake, akauliza, "Siku hiyo ni bamvua au maji mafu?"

Sikuwa na jibu, naye akanieleza taratibu kama anamfundisha mtoto. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndipo bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana. Pwani yetu hii maji ya bamvua yanajaa mida ya saa kumi jioni, hivyo saa kumi na moja, watu wakitoka kwenye nikaha, bahari bado iko juu inapiga mchanga. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu, na saa hizo hizo maji yamerudi nyuma, unabaki na matope, mwani na ngalawa zimelala ubavu. "Sasa wewe unataka Jumamosi," akasema, "basi usitafute Jumamosi, tafuta mwezi, halafu Jumamosi itajileta." Tulikaa na kalenda, tukapata moja ya Desemba iliyokubali. Wakwe zangu wa Nachingwea wakaridhia. Mpiga picha nilipomtajia sababu alinyamaza kidogo kisha akasema kumbe ndiyo maana harusi nyingine anapiga matope.

Na jua kuzama nyuma ya vilima si hasara. Jioni jua liko upande wa mji, kwa hiyo ukiipa bahari mgongo mwanga unakuja wote usoni, shela linang'aa, na nyuma yako kuna maji ya ghuba na Kitunda ng'ambo. Wale wanaosimama mbele ya jua linalozama baharini wanatoka weusi tii, huwezi kujua bibi harusi ni yupi na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, ni yupi. Wahini tu saa kumi na mbili isiwakute hamjamaliza, vilima vinalimeza jua mapema.

Mapambo ndiyo yaliyotaka kunitoa roho. Mpambaji tuliyeelekezwa Dar alitaja milioni tatu na ushee, usafiri na malazi ya vijana wake juu yetu. Kamati ya harusi ilikuwa tayari kukubali, maana kuna watu wakisikia kitu kinatoka Dar wanakaa wima. Nikawakumbusha Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kule Somanga, na jirani yetu ambaye mapambo na keki vyote vilikuwa vinatoka Dar. Alikata keki ya hapa hapa, ya duara, haina hata jina lake. Desemba si masika, najua, lakini mimi sitaki furaha yangu ipite kwenye daraja la mtu.

Hapo ndipo wifi yangu, mke wa kaka, alipoingia na tao la baluni. Alikuwa ameona video, mtu anafunga baluni nyeupe na za dhahabu kwenye fito zilizopindwa, dakika mbili kazi imekwisha. Nilimwambia tujaribu kwanza, pale pale ufukweni. Ulikuwa mwezi wa nane na kusi ilikuwa inavuma. Vijana wakapuliza mpaka macho yakawatoka, kwa sababu pampu tuliyoazima ilikuwa inanyonya badala ya kusukuma. Tao likasimama, na kwa kweli lilipendeza. Wifi akajipiga picha chini yake, akaituma kwenye kundi la kamati na maneno, "Nani kasema hatuwezi?"

Picha haijamaliza kwenda, upepo ukageuka kidogo, tao likaanza kutembea. Kaka yangu alilishika mguu mmoja, ule mwingine ukamzunguka, akabaki amekumbatia baluni huku anaburutwa kuelekea kwenye mivinje. Anayeijua mivinje anajua chini yake kuna nini: vile vitunda vigumu vyenye miba, vimejaa mchangani kote. Baluni zikaanza kupasuka kwa mfululizo, pa! pa! pa!, hadi mzee mmoja aliyekuwa anaziba dau lake akalala chini. Watoto wa madrasa ndio kwanza wametoka, wakavamia zilizobaki. Mafungu mawili yakakatika na kuingia baharini, na baba mdogo akasukuma ngalawa kuyafuata huku anafoka, kwa sababu kasa akiona kipande cha mpira kinaelea anadhani chakula. Muda wote huo simu ya wifi ilikuwa inalia mfukoni. Wajumbe wa kamati walikuwa wanatuma pongezi.

Wifi bado anashikilia kwamba Desemba itakuwa kaskazi na kaskazi ni mpole. Sawa. Lakini jua la Desemba nalo nalijua, na miti ya mivinje haihami.

Nilichokuja kufanya kilitokana na ule wavu uliokuwa mapajani kwa baba mdogo. Wavuvi wana nyavu chakavu zimelundikwa nyuma ya nyumba, hazishonekani tena. Nikaziomba. Kazi ilikuwa harufu: nilifua kwa sabuni ya unga, nikafua kwa ndimu, nikaanika juani, zikanuka samaki vile vile. Bibi alinitazama siku kadhaa bila kusema kitu, kisha akaleta chetezo na udi, akatundika wavu kwenye kamba chumbani, akafunga mlango, akaufukiza kama anavyofukiza nguo za mwali. Asubuhi ulinukia vizuri kuliko mimi. Tukarudia kwa zote. Sasa zinaning'inizwa kwenye fito juu ya uwanja mzima, zimepitishiwa taa ndogo ndogo, na upepo ukija unapita kwenye matundu, haubebi kitu. Nilijaribu usiku mmoja, watu waliokuwa wanapita njia walisimama. Gharama yote, taa zikiwemo, haijafika laki mbili. Pembeni ni makuti mabichi ya kusuka, ambayo lazima yasukwe siku moja kabla, ukiwahi zaidi yananyauka. Chini ni mikeka ya ukindu, tunaazima kwa majirani; andika jina la mwenyewe nyuma kwa chaki, la sivyo kesho yake ni ugomvi.

Michango sasa. Kamati ya wenzetu wa mjini inapanga kadi, single elfu hamsini, double laki, mwisho wa kulipa tarehe fulani kwa wote. Hiyo ni kamati ya watu wa mshahara. Ndugu zangu wengi ni wakulima wa Mtama na Ruangwa, na ukimdai mkulima wa korosho mwezi wa tisa unamtukana. Huku kwetu pesa ina misimu yake: ufuta unauzwa minadani kuanzia Juni na Julai, korosho kuanzia Oktoba, na baada ya mnada mtu anasubiri malipo yapite chama cha msingi cha ushirika mpaka yaingie benki. Kwa hiyo nilinunua daftari, nikaligawa. Ukurasa wa ufuta, ukurasa wa korosho, na ukurasa wa watumishi ambao wanakumbushwa tarehe za mwisho wa mwezi, asubuhi, kabla mshahara haujaanza safari. Kila mtu nilimuuliza mwenyewe anataka kukaa ukurasa gani. Pesa za ufuta zikalipia mbuzi, mchele na gauni. Za korosho zinalipia vilivyobaki, ndiyo maana na shughuli yenyewe ni Desemba.

Mwenyekiti ni mjomba. Binamu wa Dar alishauri tuweke mtu msomi, lakini sisi ni Wamwera, mjomba ndiye aliyekaa na mshenga, na neno lake kwenye ndoa ya mpwa haliwekwi pembeni. Isitoshe, mtu anaweza kuikimbia namba ya kamati, mjomba hakimbiwi. Mhazini ni shangazi, asiyemkopesha hata mumewe.

Zawadi za wageni nilitumiwa picha za glasi zilizochorwa majina yetu. Nikauliza bei, nikafunga simu. Huyu mtu anatoka Dar anakuja Lindi, anataka glasi au anataka korosho? Mjomba alitenga debe la kula nyumbani kabla ya kupeleka mzigo ghalani, akasisitiza tusimuuzie mtu hata punje, hataki kusikia neno kangomba, yaani korosho za magendo, nyumbani kwake. Tumebangua wenyewe. Unaweka korosho kwenye karai la bati lenye matundu, moto mkali, unageuza kwa mti mrefu huku umekaa upande upepo unakotoka, maana yale mafuta ya ganda yakishika moto moshi wake ni mweusi na unawasha macho. Zikiungua vya kutosha unazimwaga mchangani, mchanga unazima moto na kunyonya mafuta. Halafu ndiyo kugonga. Mama zangu walikaa kivulini kila mmoja na jiwe lake na kijiti, mikono imepakwa majivu hadi kwenye viwiko kwa sababu mafuta yale yanababua ngozi, wakawa wanagonga huku wananisema. Mimi nilifukuzwa. Bibi alisema mikono inayosubiri hina na piko haisogei kwenye ganda la korosho, nikapewa kazi ya kuvua ngozi ile nyekundu ya ndani, kazi ya watoto. Vifurushi tunafunga kwa vipande vya khanga vilivyobaki kwa fundi. Hesabu kwamba theluthi ya korosho italiwa na wafungaji, panga mapema.

Kitchen party au unyago? Rafiki zangu wanataka keki na muziki, bibi anataka somo na ngoma. Mchana ni wa rafiki zangu, jua likizama mlango unafungwa na wasioolewa wanatoka. Mengine hayaandikwi. Singo, kule kusuguliwa mwili kwa bibi harusi, nimeanza, nanuka liwa na karafuu mpaka kwenye pochi.

Gauni limeshonwa hapa hapa Lindi. Kukodi Dar niliambiwa laki saba na nirudishe kabla ya siku ngapi sijui. Nimeshona kwa pesa pungufu ya hiyo, ni langu, na mdogo wangu ameshalipima kwa siri akidhani simwoni. Kidokezo: mwambie fundi tarehe ya uongo, wiki mbili kabla ya ile ya kweli. Wangu bado alichelewa, lakini alichelewa ndani ya uongo wangu.

Pilau anapika mzee anayepikia shughuli za mtaa wetu tangu nikiwa mdogo. Masufuria ya kwake, kuni za kwetu. Aliyesema tutafute kampuni ya chakula ya kulipia kwa sahani hajawahi kuona wageni wa Lindi. Wanaalikwa mia, wanakuja na watoto.

Sare ni khanga. Mzozo ulikuwa maneno. Niliyoipenda ilisema "Wache waseme", mawifi wakaitazama, wakauliza waseme nani na waseme nini. Tukachukua yenye dua. Doti zilizobaki ziko kwa shangazi. Walioko ukurasa wa korosho wanaweza kuchukua sasa na kulipa malipo ya mnada yakiingia. Walioko ukurasa wa ufuta ambao hawajamaliza, msimu wenu umepita zamani, na daftari analo mjomba.