Usiagize pushirodi kabla hujapaka wino

Wiki hii yote nimekuwa juu ya hedi (vichwa) za injini ya V8 ninayoijenga, na kwa vile watu tukijenga injini ya kukimbia tunaongelea kem kubwa tu (shafti yenye vinundu vya kufungulia valvu), leo ngoja niongelee pushirodi, ile fimbo inayopeleka msukumo wa kem juu, na roka, ule mkono unaoupokea na kubonyeza valvu, maana hapo ndipo lifti uliyoilipia, yaani umbali valvu inaofunguka, inapopotelea.

Injini yangu ya kwanza ya namna hii nilichonga hedi, nikaweka gaskiti nyembamba na kem mpya, halafu pushirodi nikarudisha zilezile kwa sababu zilikuwa nzima na zimenyooka. Ikawaka vizuri. Miezi michache mbele ikaanza kutoa moshi wa bluu kila nikiiwasha asubuhi, nikafungua, nakuta gaidi za valvu, mirija ambamo shina la valvu linapita, zimelika upande hadi tundu limekuwa na umbo la yai, na juu ya ncha ya valvu pale roka inapogusa kuna mkwaruzo mpana umekaa pembeni kabisa. Kumbe valvu ilikuwa haisukumwi chini tu, inasukumwa na ubavuni pia, mara maelfu kwa dakika.

Ukichonga hedi, roka inasogea karibu na kem, kwa hiyo pushirodi ileile inakuwa kama imerefuka. Kem yenye duara la msingi dogo (ile sehemu ya mviringo isiyo na kinundu, valvu ikiwa imefunga) inafanya kinyume chake. Valvu ndefu zaidi nazo zinabadilisha. Ukigusa kimoja tu kati ya hivyo, urefu wa zamani usiuamini tena.

Sasa hesabu iliyonifungua macho ni hii. Ncha ya roka haishuki wima, inazunguka kwenye upinde. Chukua mkono wa roka wa milimita 38 na lifti ya milimita 12: kama mkono unakuwa umekaa mraba na shina la valvu wakati valvu imefunga, hadi ifunguke yote ncha imeteleza karibu milimita 2 juu ya valvu. Lakini ukipanga uwe mraba valvu ikiwa nusu ya safari, yaani milimita 6, ncha inaenda na kurudi ndani ya nusu milimita tu. Roka ileile na lifti ileile, mtelezo robo!

Kwa hiyo natumia pushirodi ya kupimia, ile ya kurefusha kwa nyuzi, na springi laini za kupimia, na lifta (kile kipande kati ya kem na pushirodi) ya haidroliki naiweka pembeni naweka ya chuma kitupu kwa sababu ya haidroliki itabonyea na kukudanganya. Napaka ncha ya valvu wino wa maka peni, naweka lifta kwenye duara la msingi, naondoa uwazi wote, halafu nazungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili polepole. Natoa roka, naangalia. Alama ikiwa pana narefusha kidogo, ikizidi kupanuka narudi nyuma, wino mpya kila mara, mpaka nione ule mstari mwembamba kabisa. Wengi wanahangaika mstari ukae katikati, mimi natafuta wembamba kwanza, ukikaa nje kidogo ya katikati sina shida nao ila usifike ukingoni. Na pima intake na egzosti zote mbili, usidhani zinafanana.

Hii ni kwa roka za stadi lakini, yaani kila roka na boliti yake. Za shafti, zilizopangwa kwenye fimbo moja, pushirodi haikusaidii kurekebisha upinde, pale unacheza na shimu (vibati vyembamba) chini ya stendi, ukimaliza ndio unapima urefu.

Uwazi kati ya pistoni na valvu napima baadaye, kwa plastisini, kwa sababu jiometri ikibadilika na lifti halisi inabadilika. Naacha milimita 2 intake na 2.5 egzosti, kwani egzosti inafukuzwa na pistoni ikipanda na joto linairefusha.

Hii ya sasa imetaka mzunguko mmoja na nusu zaidi ya pushirodi za zamani, na kwenye nyuzi zangu mzunguko mmoja ni thau (elfu za inchi) 50, kwa hiyo thau 75. Kem inasukuma milimita 8, roka inazidisha mara 1.5, inatakiwa valvu ifunguke 12. Kwa pushirodi za zamani dayo geji (saa ya kupimia) ilinipa 11.4, jana usiku ikanipa 11.9. Kwenye urefu huo nimeongeza preload, yaani kiasi lifta ya haidroliki inachotakiwa kubonyezwa valvu ikiwa imefunga, anayotaka mtengenezaji wa lifta, na leo asubuhi ndio nimeagiza zote 16.