Siku moja maishani mwangu: kukamua maji kwenye jeli kwa altrasaundi

Saa 2 asubuhi. Naanzia kwenye mizani. Vipande vya jeli inayonyonya maji kutoka hewani, ambayo baadaye nitayatoa kwa altrasaundi, yaani mtetemo wa kasi usiosikika kwa sikio, vimelala usiku kucha ndani ya boksi lisilopitisha hewa, juu ya bakuli la maji yaliyotiwa chumvi mpaka ikakataa kuyeyuka. Chumvi ya mezani hushikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 75, chumvi nyingine, magnesiamu kloridi, asilimia 33. Kipande kikitoka kinapimwa papo hapo. Kwenye kiyoyozi uzito hushuka huku unautazama.

Saa 3. Kisahani cha kauri, aina ile inayofukiza ukungu kwenye mashine za kutia unyevu chumbani. Hiki ndicho kitakachoitikisa jeli mpaka maji yatoke. Changu hutetemeka karibu mara 113,000 kwa sekunde, ila jeli ikikaa juu yake masafa (kasi hiyo ya mtetemo) husogea. Nayatafuta upya taratibu: pale mkondo wa umeme unapopanda ghafla ndipo penyewe.

Saa 4 hadi saa 6 ndiyo kazi. Jeli iwe nyembamba, ikae bila kiputo hata kimoja chini yake, maana hewa hurudisha karibu mtetemo wote. Umeme naupeleka kwa vipindi vifupi, nikigusa kingo kwa kipimajoto. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walioonyesha mbinu hii mwaka 2025, walizungushia kauri pete yenye vitundu vidogo vya kupitisha matone. Maji yakatoka kwa dakika, wakati kuyatoa kwa joto huchukua makumi ya dakika au saa kadhaa.

Saa 7 mchana, hesabu. Kugeuza gramu 1 ya maji kuwa mvuke hula takriban jouli 2,400. Kisahani cha wati 2 kikifanya kazi dakika 5 ni jouli 600. Kikitoa gramu nzima, umetumia robo tu. Lakini usishangilie kabla ya kupima jeli na chombo cha kukingia: kilichopungua huku kisipoonekana kule, kimepaa kama mvuke, na hiyo ni kazi ya joto la kauri, si ya mtetemo.

Saa 8. Napima chumvi kwenye maji yaliyotoka. Lithiamu kloridi, chumvi ya ndani ya jeli inayovuta unyevu, hupenda kufuatana nayo. Hayo hayanyweki, na hula viungio vya risasi kwenye nyaya. Kauri huoshwa kwa maji yaliyokenekwa (distilled) siku hiyo hiyo.

Saa 9. Jeli mpya. Akrilamaidi, kemikali ninayotengenezea jeli, ikiwa bado unga ni sumu ya neva: glavu, barakoa, hakuna mjadala. Mchanganyiko unapulizwa naitrojeni kwanza. Usipoganda, mara nyingi ni oksijeni iliyobaki, au kianzishi, kemikali inayoanzisha kuganda, kimekula unyevu kwenye kopo.

Saa 11 jioni vipande vikavu vinapimwa, vinarudi boksini. Usiku huu ni zamu ya unyevu wa asilimia 33.