Orodha ya nyuma ya bahasha

Binamu yangu alianza kuhesabu akiwa amechelewa. Houston Rockets, timu yetu ya kikapu, walikuwa wameshakosa mitupo mitano ya pointi tatu mfululizo ndipo alipovuta bahasha ya bili ya umeme pale mezani, akachukua kalamu ya risasi, akaanza kuchora vijiti. Mpira ukigonga chuma, kijiti. Vinne wima, cha tano kinavikata. Hakusema neno.

"Acha bwana, unatutia nuksi," nikamwambia.

"Nuksi imeshaingia, kaka."

Ilikuwa tarehe 28 Mei 2018, mchezo wa saba wa fainali ya Kanda ya Magharibi, sisi na Golden State Warriors. Walikuwa wanacheza Toyota Center, hapa hapa Houston, na sisi tuko sebuleni kwa mjomba kwa sababu tiketi za usiku ule hazikuwa za watu wa aina yetu. Tulikwenda mapumziko tukiongoza 54 kwa 43. Mjomba alishaanza kupanga zamu zake za wiki ya fainali. Kisha robo ya tatu ikaja: wao pointi 33, sisi 15. Chris Paul alikuwa benchi na nguo zake za kawaida, msuli wa paja ulishamsaliti mwishoni mwa mchezo wa tano. Usiku ule Rockets walirusha mipira 44 ya mbali, ikaingia 7. Katikati hapo walikosa 27 mfululizo. Bahasha ya binamu ina vijiti 22, maana vile vitano vya kwanza vilimpita.

Mwisho 101 kwa 92. Mjomba akazima televisheni kabla hawajaanza kupeana mikono.

Timu ile ilikuwa imeshinda michezo 65 msimu huo, rekodi ya klabu. Sitaki kuieleza zaidi. Aliyeshuhudia anajua, na asiyeshuhudia ana bahati yake.

Tukakaa. Binamu alikuwa na miaka kumi na saba na macho yamemvimba kama aliyeng'atwa na nyuki, lakini ungemwambia alikuwa analia angekupiga. Ni mjomba aliyevunja kimya. Aliichukua ile bahasha, akaigeuza upande usio na vijiti, akapiga mistari mitatu ya kusimama ili zitoke safu nne.

"Tugawane," akasema.

"Tugawane nini?"

"Rockets. Wote, tangu timu ilipozaliwa. Kama watoto wanavyogawana timu uwanjani. Wanane wanane, watano wa kuanza, watatu wa benchi. Jina likichukuliwa limechukuliwa. Na mtu unamchukua kama alivyokuwa ndani ya jezi yetu, si alivyokuwa kwa watu."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililofanya mchezo uwe mchezo. Bila hilo ungejaza orodha kwa majina: Charles Barkley, Scottie Pippen, unamaliza. Lakini Barkley alitufikia mwaka 1996, wa Phoenix amebaki Phoenix, na Pippen alivaa jezi yetu msimu mmoja tu, ule mfupi wa 1999. Nilijaribu kumchukua. Mjomba akanitazama kama nimemletea fedha bandia.

"Huyo unayemtaka wewe ni wa Chicago."

Safu ya nne ilikuwa ya nani? Mkaza mjomba alikuwa ametoka chumbani na sare zake za uuguzi, anatafuta funguo aende zamu ya usiku. Akasimama nyuma ya kochi, akasoma. "Na mimi niwekeni," akasema. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ameshamwandalia safu.

Mdogo ndiye anaanza, kisha tunapanda kwa umri, tukifika juu tunarudi. Nilijua binamu atasema nini. Ukutani chumbani kwake kulikuwa na James Harden mkubwa kuliko mlango. Kinara wa ufungaji wa ligi msimu ule, pointi 30.4 kwa mchezo, na binamu alizitazama karibu zote. Ndevu zake mwenyewe, nywele saba nane kidevuni, alizifuga kwa ajili ya mtu huyo.

"Hakeem," akasema.

Mjomba aliweka kalamu chini. Kumbuka kijana huyu alizaliwa 2001, mwaka ule ule Hakeem Olajuwon alipouzwa Toronto. Walipishana mlangoni.

"Umemwona wapi Hakeem, wewe?"

"Kwenye video, Baba."

"Video!" Mjomba akasimama. "Mjomba, njoo unikabe."

Mimi na yeye tunaitana mjomba wote wawili, kwa hiyo nikajua ananiita mimi. Akachukua mto wa kochi, akanigeuzia mgongo. Alikuwa na miaka sitini na moja, amevaa soksi juu ya zulia. Bega la kulia likashuka, nikalifuata. Kumbe lilikuwa limetumwa tu, mwenyewe ameshageukia kushoto. Nikaruka kuziba. Hakurusha. Akaniacha nimalize kuruka, tena kwa adabu, na nilipokuwa natua ndipo yeye alipopanda kwenye vidole vya miguu, mto ukaondoka taratibu na kutua juu ya kabati la vyombo. Mimi nikaishia kwenye taa ya kusimama. Nilikuwa nimemkaba Hakeem kama senta yeyote wa miaka ile alivyomkaba.

"Hivyo," akasema akihema. "Mwaka 1994 mchezaji bora wa ligi ni yeye, mlinzi bora ni yeye, mchezaji bora wa fainali ni yeye. Msimu mmoja. Nilikuwepo Summit tarehe 22 Juni, mchezo wa saba na New York, yule John Starks anarusha mara kumi na nane anapata mbili, mimi hapa nimekaa…"

"Ulikuwa ghalani," mkaza mjomba akasema.

Tangu nifike nchi hii nilikuwa nimeisikia hadithi ya Summit labda mara arobaini. Ukumbi wenyewe siku hizi ni kanisa, na kila tukipita pale barabara kuu ya Southwest mjomba huonyesha kwa kidole ni upande gani alikaa.

"Gari ilikuwa moja," mkaza mjomba akaendelea, bado anatafuta funguo. "Nilikupeleka mwenyewe. Zamu ya jioni. Ulikuwa unaendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo na redio umeifunga kwa kamba kwenye usukani."

Kimya.

"Richmond nilikuwepo," mjomba akasema kwa sauti ndogo. Richmond Avenue ndiko jiji zima lilikomwagika kusherehekea.

"Richmond ulikuwepo. Ulirudi saa tisa usiku na kiatu kimoja."

Nilicheka hadi nikakohoa, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu zamu ya kuchagua ilikuwa imenifikia na nikamtaja Tracy McGrady. Moses Malone bado yuko mezani! Moses, mchezaji bora wa ligi mara mbili akiwa na jezi yetu, 1979 na 1982, mtu aliyewahi kuokota ribaundi 21 za kushambulia katika mchezo mmoja. Nikamruka. Nikasema kwamba McGrady ndiye aliyenifanya niipende timu hii: tarehe 9 Desemba 2004, dhidi ya San Antonio Spurs, pointi 13 ndani ya nusu dakika na sekunde chache, tumetoka nyuma tukashinda 81 kwa 80. Nilikuwa na miezi minne tu Houston, nimekaa kwenye kochi hili hili, nikaona kila mtupo.

Mkaza mjomba alikuwa amezipata funguo. "Mwanangu," akasema, "usiku ule niliporudi kazini si nilikukuta umelala hapo, televisheni umeizima? Mimi ndiye niliyekuamsha nikakwambia redio ya garini inapiga kelele."

Ni kweli. Tulikuwa nyuma kwa pointi nane, dakika yenyewe haijabaki nzima, nikaizima kwa hasira. Wenzangu wengi waliokuwa ukumbini nao walishaanza kuondoka, lakini wao angalau walisikia mshindo wakiwa kwenye ngazi. Mimi niliiona kesho yake, marudio, kisha nikaiona mara nyingi sana baada ya hapo hadi nikaamini kabisa kwamba niliiona. Naweza kukueleza yule mchezaji wa Spurs alivyoteleza na mpira ukamtoka, McGrady akauokota, akavuka nao katikati, saa inasoma sekunde 1.7 wavu ulipotikisika. Yote hayo nayajua. Nilikuwa nimelala.

Binamu akatutazama, baba yake kisha mimi. "Kwa hiyo humu ndani aliyeona ni mimi peke yangu."

Hakuna aliyemjibu. Vijiti vilikuwa upande wa pili wa bahasha, na kila mtu alijua.

Mkaza mjomba akamchukua Yao Ming, haraka, kama mtu aliyeshaamua zamani. Mjomba akamchukua Moses na, kwa kuwa alikuwa wa mwisho na zamu inarudi kinyume, Clyde Drexler papo hapo, yule wa 1995, aliyerudi nyumbani katikati ya msimu akanyanyua kombe na Hakeem, mwenzake wa chuo. Kisha mkaza mjomba akasema, "Mutombo," na mjomba akacheka.

"Mama, Mutombo kwetu alikuja mzee."

"Mwaka 2008 mlishinda michezo mingapi mfululizo?"

"Ishirini na miwili."

"Yao alivunjika mguu mkiwa mmeshinda mingapi?"

Mjomba akahesabu kimoyomoyo. "Kumi na miwili."

"Hiyo kumi mingine nani alisimama katikati? Miaka arobaini na mmoja. Na hospitali ameshajenga Kinshasa, kwa jina la mama yake. Andika."

Akaandika. Nilipopata habari ya kifo cha Dikembe Mutombo mwaka 2024, picha iliyonijia haikuwa ya kile kidole chake cha kukataza. Ilikuwa ya mwanamke aliyevaa sare za uuguzi, funguo mkononi, anasema andika.

Kugawana wachezaji wa Rockets kuna tabu yake, na mashabiki wa timu nyingine hawaijui: warefu tunao hadi wa kumwaga, wa kupeleka mpira ni wa kutafuta kwa tochi. Hakeem, Moses, Yao, Mutombo, Ralph Sampson, Elvin Hayes. Tulibishana kama Hayes ni wetu, maana timu ilizaliwa San Diego mwaka 1967 na huko ndiko Hayes alikoongoza ligi kwa ufungaji msimu wake wa kwanza kabisa. Houston wamehamia 1971. "Ukihama nyumba unaacha watoto?" mjomba akauliza, na kesi ikaisha. Akapata Calvin Murphy pia, sentimita 175 za mwanadamu, aliyewahi kupiga mitupo huru 215 katika msimu na kuingiza 206. Mimi nikapata Sampson na Kenny Smith. Mjomba akaingilia mara tatu kuniambia nimekosea, na mara mbili alikuwa sahihi. Mario Elie alikwenda mapema kuliko inavyostahili, kwa ajili ya ile busu tu, ile aliyowapungia benchi la Phoenix mwaka 1995 baada ya mpira wake wa kona. Orodha yenye akili tupu haina ladha.

Binamu, baada ya Hakeem, alimchukua Chris Paul. "Mzima," akasema. "Wa kabla ya mchezo wa tano." Sharti halikuzuia hilo.

Mzunguko wa tatu ukapita. Wa nne, wa tano. Robert Horry, Otis Thorpe, Steve Francis, Sam Cassell, Shane Battier, Rudy Tomjanovich akiwa mchezaji na si kocha. Kila zamu inapokuja unasikia pumzi ya mtu anayetaka kutaja jina na kuliacha. Kinara wa ufungaji wa ligi nzima amekaa pale mezani, hakuna anayemchukua. Mimi sikuweza. Kumchukua ingekuwa kama kuvaa shati la mtu ambaye bado yumo chumbani. Mjomba nadhani alimwachia mwanawe. Mkaza mjomba alipofika zamu yake ya mwisho alimtazama kijana, kalamu ikasubiri, kisha akamtaja Vernon Maxwell, ambaye nina hakika hakumpenda hata siku moja, akabusu kichwa cha mwanawe na kwenda kazini.

Zamu ya mwisho kabisa ilikuwa ya binamu. Mrusho wa mwisho wa usiku, tuseme. Akajaza nafasi yake ya nane kwa Eric Gordon, aliyekuwa amekosa kumi kati ya kumi na miwili ya mbali saa moja iliyopita, akaenda kulala bila kuaga.

Mjomba aliibandika bahasha kwenye mlango wa friji. Wiki nzima tuliendelea kuchezesha timu zile kwa mdomo: Moses atamweka Hakeem mgongoni? Hawezi, lakini viangazi vya zamani walishagongana sana Fonde, ukumbi wa mazoezi wa mjini, Moses ndiye aliyemfundisha kijana kupigana chini ya kikapu. Mutombo na Yao pamoja, nani atakimbia? Mkaza mjomba alisema hakuna haja ya kukimbia kama mwenzio hafungi.

Jumapili nilifungua friji kutafuta maji. Chini kabisa ya safu ya kwanza, baada ya Gordon, palikuwa na jina la ziada kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo, zimefutwa mara moja na kuandikwa tena. Binamu alikuwa mezani na simu yake.

"Timu yako ina watu tisa," nikamwambia.

"Najua, kaka," akasema. Hakuinua macho.